Hitisinki ni kubwa, mbona transista bado zinaungua?

SWALI: Fundi, amplifaya ya kanisa letu hapa Kondele, Kisumu, imechoma transista za upande mmoja mara mbili mwaka huu. Mara ya pili niliweka hitisinki (lile bati lenye mapezi la kupozea transista) kubwa zaidi na kupaka grisi ya kutosha. Ibada ikipita saa moja bado inapata moto hadi mkono hauvumilii. Nimetuma picha.

JIBU: Ndugu yangu, usinunue hitisinki ya tatu. Kwenye picha, mapezi yamelala, na sanduku zima limekaa juu ya zulia ndani ya kabati la mbao. Hitisinki haimezi joto. Inalipokea kutoka kwa transista na kulikabidhi hewa. Hewa ikikosa njia, bati kubwa litachelewa tu kupata moto. Ndiyo maana nyimbo za kwanza zinapita salama.

Hewa yenye joto ni nyepesi, hupanda. Mapezi yakisimama wima, kila nafasi kati yake hufanya kazi ya bomba la moshi: hewa baridi inaingia chini, ya moto inatokea juu. Kwa hiyo yasimamishe, inua sanduku kwa vipande vya mbao, na ung'oe mgongo wa kabati. Bila feni, mapezi yaachane milimita 6 hadi 10 hivi. Yale ya kompyuta, yaliyobanana kama meno ya kitana, yanataka feni.

Piga hesabu. Tuseme transista inapoteza wati 25 kama joto, na njia yote kutoka kiini chake hadi hewani inaongeza digrii 3 kwa kila wati. Kiini kitazidi hewa kwa digrii 75. Hewa ya Kisumu ikiwa 30, kiini ni 105. Ndani ya kabati hewa ikifika 55, kiini ni 130, na transista nyingi za silikoni zina kikomo cha 150.

Hiyo "grisi ya kutosha" inanitia shaka. Si blubendi ya mkate! Kazi yake ni kujaza vitundu visivyoonekana kati ya metali mbili; ikiwa nene inazuia joto. Hakikisha pia mika, kile kipande chembamba kinachozuia umeme kupita kati ya transista na hitisinki, haijapasuka.

Feni itasaidia, ila wadudu wa ziwa wakifuata taa usiku huingia nayo. Nimewahi kufungua mashine iliyotoka Dunga, pale ufukweni mwa ziwa, mapezi yamezibwa nao kabisa.

Lakini kwa nini upande uleule? Hapo hewa si mshtakiwa pekee. Washa amplifaya bila muziki kwa nusu saa. Upande huo ukipata moto bure, mkondo wake wa kupumzikia (umeme unaopita kwenye transista hata bila muziki) umewekwa juu mno. Ukibaki baridi, hesabu spika zilizofungwa upande huo: mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba ni omu 2, na amplifaya nyingi hazikuundwa kubeba mzigo huo. Niambie umepata nini.