Maswali yenu kuhusu mizigo na SGR, reli ya kisasa kutoka Mombasa

Vitambaa vyangu huja na lori kutoka Mombasa. Mbona natozwa ushuru wa reli? (Mfanyabiashara, Eastleigh)

Ushuru huo hauangalii mzigo umesafirije. Ulianza mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa kutumika nchini. Sasa ni asilimia 2. Mzigo wa shilingi milioni 1 unalipiwa 20,000, upande treni usipande. Umeshaichangia reli, basi una kila haki ya kudai ikuhudumie.

Treni ni nafuu kweli? (Wakala wa forodha, Mombasa)

Inategemea godauni liko wapi. Treni inakuachia kontena bandari kavu ya Embakasi, Nairobi. Kutoka hapo unakodi lori hadi Thika au Industrial Area, kisha kontena tupu lirudishwe. Ukijumlisha yote, unafuu unaweza kuisha njiani. Tena Kenya inaagiza mizigo mingi kuliko inayouza nje, kwa hiyo mabehewa mengi hushuka Pwani matupu, na gharama ya safari hiyo lazima ibebwe na mtu. Hapa ndipo fedha za ushuru zingefaa: njia za reli za kuingia hadi viwandani, na punguzo la maana kwa wenye chai na kahawa wanaojaza mabehewa ya kurudi.

Kwa nini serikali isilazimishe tu? (Msomaji, Nakuru)

Ilijaribu mwaka 2019. Iliagiza makontena yatoke bandarini kwa SGR, na Mombasa ikaandamana. Madereva, utingo, wenye vituo vya makontena na wauza chakula barabarani waliona riziki yao inahamishiwa bara bila wao kuulizwa. Novemba 2020 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo linakiuka Katiba. Septemba 2022 Rais Ruto akarudisha Mombasa shughuli za kutoa mizigo. Mimi napinga kulazimisha. Mwenye mzigo akiona treni inampunguzia gharama na siku za kungoja, atakuja mwenyewe.

Sisi wa Uganda tunalipa ushuru huo? (Msomaji, Kampala)

Hapana, mzigo unaopita tu hautozwi. Kinachowaumiza ni Naivasha: SGR inakomea huko, na kontena linahamishiwa reli ya zamani hadi Malaba, mpakani. Kila kuhamisha ni muda na pesa, ndiyo maana wengi wenu bado mnachagua lori.