Jibu: Silinda 6 ya kabureta inakunywa mafuta, plagi nyeusi

Salaam mkuu. Umesema inakula lita 20 kwa kilomita 100, plagi zina masizi makavu, na kabureta umeshaisafisha. Usiifungue tena. Injini ikiwa ya moto, tazama choki (inayobana hewa ya kabureta injini ikiwa baridi): kibao chake kiwe kimesimama wima kabisa. Kisha kagua themostati (vali inayozuia maji ya kupoza hadi injini ipate moto), wengi huing'oa, injini haipati joto, na choki ya otomatiki haifunguki yote.

Vyote viko sawa? Pima floti (boya linalodhibiti kiwango cha petroli ndani ya kabureta). Ikiwa juu mno, au imetoboka na kuingiwa petroli (itikise, utasikia), mchanganyiko utakuwa mzito daima, yaani petroli nyingi kuliko hewa. Jeti (vitundu vya kupitishia petroli) ziache kwanza.

Pia nyonya kipira cha vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) upande wa distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Hewa ikipita, kiwambo cha vakyumu kwenye distributa kimepasuka: taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) haisogei mbele kwenye mwendo wa taratibu, mafuta yanateketea bure.