Kabla Hujaandika Barua ya Kulitetea Gofu: Kwa Wanaoanza Lindi na Mtwara

Wengi huingia katika kazi hii ya kutetea magofu wakiwa na hasira, na hasira hiyo ni ya haki. Mtu ameona ukuta wa matumbawe ukivunjwa ili yapatikane mawe ya msingi, au mlango wa nakshi ukipakiwa kwenye gari kule Mikindani, na usiku huohuo anaandika kurasa tatu kwa Waziri. Barua hufika. Kisha huanza kushuka: wizarani, mkoani, wilayani, halmashauri, hadi kwa mtendaji wa kijiji, ambaye ndiyo kwanza anasikia habari hiyo. Mtendaji anajibu kwamba hana taarifa, jibu lake linapanda kwa njia ileile, na suala linafungwa. Ukuta nao unaendelea kuvunjwa. Ofisi hufanyia kazi jalada, kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kulipatia gofu jalada, tena lianzie chini.

Jambo la kwanza kulijua ni mwaka 1863. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja jengo, ngome, kaburi au kazi nyingine ya mikono ya watu iliyofanywa Tanganyika kabla ya mwaka huo. Msikiti wa kale wa matumbawe uliomezwa na kichaka nyuma ya kijiji chako, ikiwa kweli ni wa kabla ya hapo, umelindwa hata kama hakuna kibao wala mlinzi. Majengo ya Kijerumani yako upande wa pili wa mstari huo. Boma la Mikindani ni la 1895, na majengo ya utawala wa Kijerumani yaliyobaki Lindi mjini na Kilwa Kivinje ni ya zama hizo pia. Jengo la namna hiyo hupata ulinzi wa sheria hii pale Waziri anapolitangaza katika Gazeti la Serikali.

Tofauti hii ndiyo inayoamua barua yako iseme nini. Kwa gofu la kale unasema: sheria inavunjwa, tunaomba uharibifu usimamishwe. Kwa boma unasema: tunaomba jengo hili likaguliwe, kisha litangazwe. Ukichanganya mawili hayo, mwanasheria wa halmashauri ataitupa hoja yako kwa sentensi moja, na ukirudi mara ya pili hutasikilizwa kwa uzito uleule. Milango ina mstari wake. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa nakshi kabla ya 1940 ni kitu kinachohifadhiwa kisheria, na kuiuza au kuisafirisha kunahitaji kibali. Wenye nyumba wengi hawalijui hili. Waelezwe kwa upole kabla dalali hajafika, kwa sababu mlango ukishavuka mpaka wa mkoa kuupata tena ni kazi kubwa.

Umri usiukisie. Mawe ya matumbawe na chokaa peke yake hayathibitishi kitu, kwani yalitumika hata baada ya Wajerumani kuja. Mihimili ya chuma, au saruji iliyotumika tangu ukuta ulipojengwa, ni dalili ya ujenzi wa karibuni. Vipande vya vyombo vya udongo na vya kaure vilivyotapakaa juu ya ardhi ni dalili ya makazi ya zamani: vipige picha palepale vilipo, na usiviokote. Kipande kikishahamishwa, mtaalamu hawezi tena kusema kilikuwa cha nyumba ipi. Katika barua andika “wazee wa kijiji wanaeleza kuwa…” na uombe mtaalamu athibitishe. Usiandike “karne ya 14” kwa sababu tu Husuni Kubwa, jumba la kale la Kilwa Kisiwani, ni ya karne hiyo.

Na usichimbe, hata kidogo. Uchimbaji bila leseni ni kosa kwa sheria ileile unayotaka kuitumia. Maneno ya “mali ya Mjerumani”, hazina inayodaiwa kufukiwa na Wajerumani, yamewafanya watu watoboe sakafu na makaburi sehemu nyingi za nchi, na wewe ukionekana na jembe ndani ya gofu, hakuna atakayekutofautisha nao. Kama mvua au shamba limefukua sarafu, shanga au kuta zilizokuwa zimefunikwa, sheria inataka itolewe taarifa bila kuchelewa. Kitu kiache kilipo, piga picha, kisha ripoti.

Ukienda kwenye eneo, tangulia kwa wazee. Magofu mengi ya pwani yana makaburi, na mengine bado watu huyaendea kwa dua na ziara. Ukipita moja kwa moja na kamera yako, kijiji kitakuona wakala wa mnunuzi wa ardhi. Keti barazani, waamkie, eleza unachotaka, omba mmoja wao akusindikize. Jina la mahali utakalopewa na wazee ndilo la kuandika kwenye jalada.

Vifaa ni vichache: simu yenye GPS, futi kamba ya mita 30, rula ya sentimita 30, daftari na kalamu ya risasi. Chukua viwianishi, yaani namba za GPS zinazoonyesha mahali, ukiwa katikati ya eneo, kwa digrii za desimali zenye tarakimu 5 baada ya nukta. Hapo kosa la uandishi halizidi kama mita moja. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo ina alama ya kutoa mbele yake. Ukiisahau, gofu la Kilwa au la Mikindani litaonekana kwenye ramani likiwa Ethiopia, na kuna barua zilizodharauliwa kwa kosa hili tu. Hesabu za GPS zipange hivi: latitudo, longitudo, tarehe, jina la simu.

Picha ziwe za aina tatu. Kwanza gofu zima kutoka pande nne. Halafu kila ukuta peke yake, ukisimama uso kwa uso nao. Mwisho uharibifu kwa karibu, rula ikiwa ndani ya picha. Piga asubuhi mapema au alasiri, kwa sababu jua la saa sita hufuta nyufa zote. Kila mahali uliposimama paandike kwenye mchoro wa mkono (“hatua 12 kutoka mbuyu, ukitazama kibla”), ili miezi sita baadaye mtu mwingine asimame hapohapo. Picha mbili za sehemu moja, zenye tarehe mbili tofauti, zina nguvu kuliko picha hamsini za siku moja. Ufa upime upana wake sehemu tatu, chini, kati na juu, kwa milimita. Usichore alama yoyote ukutani.

Kisha taja chanzo cha uharibifu, maana kila chanzo kina ofisi yake. Mawe yanayochotwa kwa ajili ya misingi au tanuri la chokaa ni suala la kijiji na polisi. Bahari inayokula kingo, hasa mikoko ilipokatwa, ni suala la mazingira. Hapo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, inakupa hoja ya pili. Miti inataka uangalifu. Mkuyu ulioota juu ya ukuta unaupasua, lakini ukiung’oa, mizizi hutoka na mawe na ukuta mzima hulala. Hukatwa kwa hatua na kuachwa ufe, chini ya uangalizi wa mtaalamu.

Saruji ndiyo inayouma zaidi, kwa kuwa huletwa na watu wenye nia njema. Kamati inachangishana, inanunua mifuko kumi, inapiga lipu ukuta wa msikiti wa kale ili “usianguke”. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Saruji ni ngumu na huziba. Maji na chumvi ya bahari hubaki ndani, chumvi inaganda na kuvimba nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache ya mvua lipu linadondoka likiwa limeshikana na uso wa jiwe. Ukisikia harambee ya namna hiyo, wahi kabla saruji haijanunuliwa. Waombe fedha ile itumike kusafisha njia ya maji ya mvua yasituame kwenye msingi, tena baada ya kupata ruhusa.

Sasa barua. Peleka hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, ipigiwe kura, na uondoke na nakala ya muhtasari yenye saini na mhuri. Barua iandikwe kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kupitia kwa mtendaji wa kijiji na wa kata, na nakala ziende kwa ofisa utamaduni, diwani, Mkuu wa Wilaya na idara ya mambo ya kale katika Wizara ya Maliasili na Utalii. Ukurasa mmoja unatosha, na viambatisho nyuma: muhtasari, mchoro, picha zisizozidi nane. Omba jambo moja tu. Ombi zuri la kwanza ni mtaalamu kuja kukagua, kwa sababu ni dogo, lina gharama ndogo, na ripoti yake ndiyo itakayobeba maombi mengine yote. Anayeomba ukarabati, uzio, mlinzi na barabara kwa barua moja huambiwa bajeti haipo, na kweli haipo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mipango hukusanywa miezi mingi kabla. Ombi la fedha linalofika Mei limechelewa.

Barua ipeleke mwenyewe masijala, ofisi inayopokea barua na kutunza majalada. Isainiwe kwenye kitabu cha dispachi, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, na uulize namba ya jalada. Bila namba hiyo, kila ukirudi utaanza upya na karani mpya. Kama hujui eneo limewahi kuorodheshwa au kutangazwa, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: raia huomba kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Uliza swali linalojibika, kama vile: “je, eneo hili limetangazwa, na kwa tangazo lipi?”

Ukimya ukizidi mwezi, mwone diwani kabla ya kikao cha baraza la madiwani na umpe karatasi moja yenye namba ya jalada na swali moja la kuuliza. Magazeti yawe ya mwisho, na uwaarifu maofisa kabla. Ofisa aliyeaibishwa bila kuonywa hatakusaidia tena, na utamhitaji kwa miaka. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004 na kutolewa 2014. Hiyo ni miaka kumi, kwa eneo linalojulikana dunia nzima.

Wenye mashamba jirani wataogopa kufukuzwa. Waitwe mapema, mipaka ipimwe wakiwepo, na eneo liingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kwa ridhaa yao.

Mvua za kusini zikikatika, Aprili au Mei, rudi kwenye gofu. Simama palepale, piga picha zilezile, pima ufa uleule sehemu tatu, kisha peleka masijala karatasi moja ya nyongeza yenye namba ileile ya jalada.