Jibu: Kadi ya sauti na ya mtandao zinagombania IRQ 5 (laini namba 5 ambayo kifaa huitumia kuita prosesa)

Ndugu, umesema kadi ya sauti inanyamaza kila ukiwasha ya mtandao, na zote ni za ISA (aina ya zamani ya nafasi za kuchomeka kadi). Kabla hujagusa Linux, ingia BIOS (programu ya msingi inayoamsha kompyuta) utafute "PnP OS Installed", yaani kama mfumo endeshi unaweza kupanga vifaa wenyewe. Ikiwa Yes, BIOS huandaa vifaa vya kuwashia kompyuta tu, vingine inauachia mfumo endeshi, na kerneli (kiini cha Linux) za zamani zilikuwa dhaifu sana hapo. Weka No. Washa pia "Reset Configuration Data" ili mgao wa zamani wa IRQ ufutwe. Wengi husahau hili, mgongano unabaki palepale.

Kisha, muziki ukiwa unacheza, andika `cat /proc/interrupts` uone nani anatumia IRQ ipi. Mstari wenye namba 5 uwe na draiva (programu inayoendesha kifaa) moja tu. Kama kadi mojawapo inapangwa kwa jampa (kifuniko kidogo cha pini kwenye kadi), itengee IRQ yake huko BIOS kwa kuchagua "Legacy ISA". Tuletee matokeo, tafadhali.