Ruta ya pili chomeka LAN, sio WAN

Mkuu, kama kompyuta za chumba cha nyuma hapo stesheneri yako Ngamiani zinapata intaneti ila printa ya mbele haziioni, basi huenda ruta ya pili umeichomeka WAN (tundu la kupokea intaneti kutoka nje; LAN ni matundu ya vifaa vya ndani), ndo maana imejitengenezea netiweki yake pembeni. Ingia setingi zake kwanza, ile ruta kubwa ikiwa na namba ya netiweki (IP) 192.168.1.1 hii ipe 192.168.1.2 (hakikisha kubwa haigawi namba hiyo), zima DHCP (kazi ya kugawia vifaa namba hizo), alafu waya wa kutoka kwenye swichi (kile kiboksi cha kuunganishia waya za netiweki) uende tundu la LAN, WAN iache wazi. Swichi za kawaida hazina setingi, we chomeka tu, ila waya mmoja usirudi kwenye swichi ileile ncha zote mbili, utaona taa zinawaka kama disko na netiweki yote inaganda. Vichwa vya waya navyo vikague, upepo wa bahari Tanga unavishika kutu.