Dada A1 wa Goma, kabla hujalipa hicho cheti cha Marekani

Dada umeuliza hivi: wewe ni muuguzi A1 (mwenye graduat ya uuguzi), umeona chuo kikuu cha Marekani kinafundisha kwa intaneti "graduate certificate" ya usimamizi wa huduma za afya. Ujiandikishe, ili siku moja uwe AG (administrateur gestionnaire, msimamizi wa utawala na fedha) wa zone de santé, yaani wilaya ya huduma za afya?

Kwanza hilo jina. "Graduate" yao si graduat yetu. Yetu, ya mfumo wa zamani, ilikuwa miaka mitatu baada ya diplome d'État, ile ya kumaliza sekondari. Yao ni masomo ya mtu ambaye tayari ana shahada ya kwanza. Kwa A1 ya mfumo wa zamani, vyuo vingi vitakudai licence, shahada inayofuata graduat. Mimi nilisoma cheti kama hicho: nilipokelewa kwa licence ya uchumi, nikiwa mhasibu wa hospitali moja hapa Bukavu.

Masomo yenyewe ni machache, mara nyingi manne hadi sita, krediti 12 hadi 18. Waulize kwa maandishi kama krediti hizo zitahesabiwa ukiendelea na masters. Wakizungukazunguka, funga makuta (pesa) yako. Na vipindi vya moja kwa moja: saa kumi na mbili jioni ya New York kwetu ni saa sita au saba ya usiku, kutegemea majira yao. Umeme wetu unaujua.

Medicare na Medicaid, bima za serikali yao tangu 1965, nilizikariri, nikafaulu, nikasahau. Kilichonibakia ni zoezi la vitanda. Kila mtu apige hesabu ya hospitali yake. Nikachukua rejista ya mwezi: vitanda 60 mara siku 30 ni 1,800, siku za wagonjwa 990. Asilimia 55! Yaani karibu nusu ya vitanda havikuwa na mtu. Na wakubwa wetu walikuwa wakitafuta mfadhili wa jengo jipya, kwa kuwa maternité (wodi ya uzazi) akina mama walilala wawili wawili.

Nikashuka wodini na rejista mkononi. Kitanda cha karibu na mlango: mama kajifungua kwa upasuaji, munganga (daktari) kasaini atoke siku ya saba, na siku hiyo ilikuwa ya kumi na tisa. Mtoto kavishwa kofia ya sufu, tayari kwa safari. Fakture haijalipwa. Kitanda cha pili, vilevile. Cha tatu pia. Wamepona, deni linawashika, na kila usiku tunawaongezea bei ya kitanda (aibu, na mimi ndiye niliyekuwa naandika hizo fakture). Nilipoeleza darasani, mwalimu aliniuliza mara mbili kama nimekosea neno.

Ripoti yangu ililala kwenye droo ya mkubwa miezi kadhaa. Lakini baadaye tulianza kuwapokea akina mama malipo kidogo kidogo tangu CPN, kliniki ya wajawazito.

Kuhusu uAG, cheti hicho peke yake hakikufikishi. Malizia licence kwanza. Halafu kuna shule ya afya ya umma ya UCB (chuo kikuu cha Kikatoliki) hapa Bukavu, na ya UNILU (chuo kikuu cha Lubumbashi) kule Lubumbashi. Ziko karibu zaidi na zone de santé unayotaka kuitumikia. Jedwali langu la vitanda ninalo bado. Ukilihitaji sema, nitaliweka humu.