Shangazi, benki inasema tunaweza, mbona moyo unakataa?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, watoto wawili, nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo forodhani hapa Kampala. Mume wangu ni dereva wa trela, Mombasa hadi Kampala, mara nyingine Juba. Mimi napata shilingi za Uganda 2,400,000 mkononi kila mwezi. Yeye mwezi mzuri analeta 2,000,000. Mwezi mbaya, gari likikwama Malaba au likilala gereji, 800,000. Tumepanga Bweyogerere kwa 600,000. Karo ni 900,000 kwa kila mtoto kila muhula, na mama yangu aliye Bombo namtumia 150,000 kwa mwezi. Kwa miaka sita tumeweka 38,000,000 kwenye SACCO.*

*Tumeona nyumba Namugongo, 165,000,000. Afisa wa benki anasema tunastahili mkopo wa 130,000,000 kwa miaka 20, riba asilimia 17. Mume wangu amefurahi mpaka ameshachagua rangi ya mapazia. Mimi silali. Kaka yangu anajua kibanja Matugga chenye nyumba ya vyumba viwili, 45,000,000, ila mume wangu hataki hata kukiona. Anasema hawezi kukaa njia moja na mama mkwe. Tena anataka hati ya Namugongo iandikwe jina lake peke yake. Shangazi, mimi ni mwoga tu, au kuna kitu nakiona?*

*Asiyelala, Bweyogerere*

Marahaba, binti yangu. Kitu unakiona. Unachokosa ni hesabu ya kukionyesha, maana mumeo anayo karatasi ya benki na wewe una usingizi uliokatika tu, na katika ugomvi wa mke na mume karatasi hushinda.

Wenzetu Baganda wana ssenga, yaani shangazi, wa kumfunda bibi harusi mambo ya ndani. Ya riba na hati hakuna anayetufunda, tunafundwa na barua ya benki siku imeshachelewa. Basi leta kalamu.

Yule afisa hakudanganya. Alijibu swali la benki, ambalo ni: hawa tukiwakopesha kiasi hiki, fedha zetu zitarudi? Alichukua mshahara wako, akaongeza mwezi mzuri wa mumeo, akapata 4,400,000. Mkopo wa 130,000,000 kwa asilimia 17 kwa miaka 20 unadai marejesho ya kama 1,907,000 kila mwezi. Hiyo ni asilimia 43 ya mapato yenu, na kwenye karatasi inapendeza. Swali lako ni jingine kabisa: baada ya kulipa, nyumbani tutakula nini mwezi ambao trela liko gereji?

Nimekupigia bajeti kwa kukisia, irekebishe mwenyewe. Karo, ukigawa mihula mitatu kwa miezi kumi na miwili, ni 450,000 kwa mwezi. Chakula nimeweka 650,000, nauli 300,000, umeme wa Yaka, maji, gesi na simu 250,000, mama Bombo 150,000. Harusi, misiba na homa za watoto nimeziwekea 200,000, na najua nimekuwa bahili hapo. Jumla 2,000,000, bila kodi ya nyumba.

Mwezi mzuri mnaingiza 4,400,000. Toa milioni mbili za matumizi, toa marejesho, zinabaki 493,000. Mwezi mbaya mnaingiza 3,200,000. Toa hayo hayo, mnapungukiwa 707,000. Umeona? Mwezi mbaya mmoja unakula akiba ya miezi mizuri karibu mmoja na nusu. Sasa kaa na mumeo mhesabu mwaka uliopita ulikuwa na miezi mibaya mingapi. Msitumie kumbukumbu, maana dereva hukumbuka safari zilizolipa. Tumieni ujumbe wa simu wa fedha zilizoingia.

Kuna jingine ambalo afisa hupita juu juu. Uliza kama hiyo asilimia 17 imefungwa au inapanda na kushuka, kwa sababu mikopo mingi ya nyumba kwetu riba yake huelea. Mwaka 2011 Benki Kuu ya Uganda ilianza kutangaza riba yake elekezi mwezi Julai ikiwa asilimia 13, na kufika Novemba ilikuwa 23, kwa sababu bei za vitu zilikuwa zimeruka vibaya. Mimi nilikuwa na mkopo mwaka ule. Nilipokea barua mbili ndani ya miezi mitatu, na ile ya pili niliificha chini ya godoro nisimuonyeshe marehemu mume wangu mpaka Jumapili ipite. Leo mambo yametulia, lakini mkopo wako ni wa miaka 20, na miaka 20 ni mingi. Riba yako ikipanda kutoka 17 hadi 22, marejesho yanakuwa kama 2,414,000. Mshahara wako wote, na 14,000 ya kukopa kwa jirani.

Na kama kuna mtu atawashawishi mchukue mkopo wa dola eti riba yake ni ndogo, mwambieni asante. Mnalipwa shilingi, kopeni shilingi.

Mumeo atakwambia miaka 20 imewekwa ili marejesho yawe madogo. Ngoja nikuonyeshe jambo ambalo lilinishangaza mimi mwenyewe nilipolipiga. Chukua mkopo wa 100,000,000 kwa asilimia 17. Kwa miaka 15 utalipa kama 1,539,000 kwa mwezi. Kwa miaka 20 utalipa kama 1,467,000. Umepunguziwa 72,000 tu, nauli ya siku chache. Lakini jumla uliyolipa hadi mwisho inatoka milioni 277 kwenda milioni 352. Yaani umenunua nafuu ya 72,000 kwa mwezi kwa milioni 75. Riba ikiwa juu namna hii, kurefusha miaka hakusaidii kitu; karibu kila unacholipa miaka ya mwanzo ni riba, deni lenyewe halitikisiki. Kwa hiyo hesabu yangu yote hapa chini ni ya miaka 15.

Tuanze upya, safari hii kutoka jikoni kwenu kwenda benki. Mwezi mbaya: 3,200,000 toa 2,000,000, zinabaki 1,200,000. Nyumba yako mwenyewe haina mwenye nyumba wa kumpigia simu bomba likipasuka, tena kuna bima ambayo benki itaidai: weka 150,000. Acha 200,000 ya kupumulia, riba ikitikisika. Zinabaki 850,000 za marejesho. Kwa asilimia 17 na miaka 15, kila milioni moja ya mkopo hudai kama 15,400 kwa mwezi. Gawanya: mnaweza kubeba mkopo wa milioni 55.

Sasa hizo 38,000,000. Mpango wa mumeo ni kutoa 35,000,000 za kianzio, zibaki tatu. Ushuru wa stempu wa kuhamisha hati ni asilimia 1.5 ya thamani, na kwa 165,000,000 hiyo ni 2,475,000. Zimebaki 525,000, na hujamlipa wakili, wala mthamini, wala ada ya benki ya kuandaa mkopo, wala mpima ardhi wa kuhakikisha mawe ya mipaka yapo pale ramani inaposema. Tena ushuru huo hufuata thamani anayokubali mthamini wa serikali. Akiona nyumba ni ya bei kubwa kuliko mliyoandika kwenye mkataba, mtalipa kwa bei yake. Mtaingia nyumba ya milioni 165 mkiwa hamna ya kununua kufuli.

Mimi ningeacha 8,000,000 SACCO zisiguswe, nitenge kama 5,000,000 za makaratasi, na 25,000,000 ziwe kianzio. Milioni 25 na milioni 55 ni milioni 80. Hiyo ndiyo nyumba yenu, binti yangu. Hata nusu ya ile ya Namugongo haifiki, na najua unaposoma hapa moyo umeshuka kidogo hata kama uliogopa.

Kwa milioni 80 huenda msipate nyumba iliyokamilika mahali mnapopataka. Basi wengi wetu hapa tumejenga namna nyingine: kiwanja chenye hati, vyumba viwili vya uani kwanza, mnahamia, kodi ya 600,000 inageuka matofali. Ukuta wa mbele unasubiri miaka mitatu. Watu wanacheka, wewe unalala.

Hapo ndipo Matugga inaingia, na hapo nawe nakushika sikio, kwa sababu naona kaka yako amekupa bei bila maelezo. Kibanja si hati. Ukinunua kibanja kwenye ardhi ya mailo, ile ardhi ya Buganda yenye mmiliki wa kudumu, unanunua haki ya kukaa. Ardhi yenyewe ina mwenyewe, na hati anayo yeye. Sheria inakulinda usifukuzwe ovyo mradi unalipa busuulu, kodi ya ardhi ya kila mwaka kwa mwenye ardhi, ambayo ni fedha ndogo. Lakini anayekuuzia anatakiwa awe na ridhaa ya mwenye ardhi, na mwenye ardhi ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya kununua. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, yenye muhuri ni ushahidi kwamba majirani wanamjua muuzaji, basi. Mwone mwenye ardhi ana kwa ana, au wenye mirathi kama alishafariki, upate ridhaa kwa maandishi, uone risiti za busuulu za miaka ya nyuma, na wakili wako akatazame hati ya ardhi hiyo kwenye ofisi ya ardhi ya kanda kujua kama haina pingamizi. Halafu jua kwamba benki kwa kawaida haitakukopesha rehani kwa kibanja; zile 7,000,000 zinazopungua hata mkitoa 38,000,000 zote, na za kuhakiki na kuandikisha, zitatoka mfukoni mwenu. Kwa hesabu zenu hilo halitishi. Miezi michache ya kubana inatosha.

Kuhusu jina kwenye hati, sitazunguka. Mkopo huo umesimama juu ya mshahara wako. Wa mumeo unaingia na kutoka kama mvua ya Busia. Hati iandikwe majina mawili. Akisema yeye ndiye kichwa cha nyumba, mkubalie, kisha mwambie kichwa hakina hasara jina la pili likiandikwa. Sheria ya rehani ya mwaka 2009 yenyewe inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa dhamana, kwa hiyo saini yako itahitajika kwa vyovyote. Afadhali itiwe kama ya mwenye mali kuliko ya shahidi.

Usimwambie mumeo "Shangazi amekataa". Atanichukia, na tutakuwa tumegombana watu watatu badala ya wawili. Mpe mtihani. Kuanzia Januari lipeni kodi yenu ya 600,000, na juu yake wekeni SACCO 1,307,000 kila mwezi, ili jumla iwe marejesho ya Namugongo. Nimesema Januari makusudi, kwa sababu Februari shule zinafunguliwa. Mkifika Juni hamjagusa akiba hiyo hata mara moja, mimi nitakuwa nimekosea, na mtakuwa na karibu milioni nane zaidi za kianzio. Mkilazimika kuzitoa mwezi wa pili, yeye mwenyewe ndiye atakayekwenda kuzitoa, na hatahitaji hotuba yako.

Katikati ya hayo, mpeleke mumeo akaone Matugga. Mwambie kutoka hapo hadi Bombo bado kuna kilomita za kutosha, mama yako hatasikia mkigombana. Nendeni siku mvua imenyesha, mwone barabara inavyokuwa na maji yanasimama wapi, maana siku ya jua kila kibanja ni kizuri.